Utepe Mwekundu kwenye Kioo cha Pijo

Mume wangu aliipanga safari hii akafa kabla ya kwenda. Naanza na hilo kwa sababu wenzangu wa klabu wakisimulia habari za siku ile huanza na farasi, au na wiski, wakacheka hadi wakashika mbavu, nami huwaacha wacheke. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya usukani wa gari la mbele, na najua tulikuwa tumebeba nini.

Klabu yenyewe si kitu cha kutisha. Ni Wakenya, Wakongo na Mtanzania mmoja, wengi wetu tukifanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee hapa Birmingham, tunaopenda magari ambayo Waingereza walishayachoka. Hukutana Jumamosi kule Tyseley, kwenye uwanja wa gereji moja karibu na bohari la treni, tukafungua boneti na kubishana kuhusu plagi kama watu wasio na nyumba za kurudi. Mume wangu ndiye aliyeianzisha, yeye na pijo yake. Ni ile pijo ndefu ya kubebea mizigo, rangi yake ya samawati imekolea hadi kwa mbali unaiona nyeusi, aina ambayo kwetu Kenya ilibeba kila kitu: maziwa, wanafunzi, maharusi na majeneza. Aliitoa kwa mzee mmoja wa Wales aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Nilimwambia achague kati yangu na ile harufu. Akaenda kununua sabuni.

Alikuwa na sheria moja ya msafara na hakutaka ijadiliwe. Gari la polepole kuliko yote ndilo linalotangulia. Taa za mbele huwashwa hata jua likiwa linawaka, ili kila dereva amwone mwenzake wa nyuma kwenye kioo, na hakuna kumpita mtu. Kwa kuwa pijo ndiyo iliyokuwa ya polepole kuliko magari yote, yeye ndiye aliyetangulia kila mara. Siku zote nilishuku kwamba sheria ile aliitunga kwa sababu hiyo.

Alifariki majani yalipoanza kudondoka. Moyo tu, jikoni, chai ikiwa mezani. Mwili ulisafirishwa kwao Nyahururu, na mimi sikwenda. Wiki ileile damu ilikuwa imeganda kwenye mguu wangu wa kushoto, na daktari aliniambia kwamba nikipanda ndege huenda nami nikarudi kwetu nikiwa ndani ya sanduku. Hakutumia maneno hayo, alisema kwa adabu, lakini mimi ni muuguzi, nilimsikia. Kwa hiyo nilimzika mume wangu kwa simu. Nilikaa kitandani nyumbani kwetu Saltley, mguu juu ya mito, nikitazama msafara ukitoka mochari. Mdogo wake ndiye aliyeshika simu ndani ya gari. Akaielekeza dirishani, nikaona kioo cha pembeni kimefungwa utepe mwekundu unaopepea. Kwetu utepe mwekundu kwenye gari hauna maana mbili: ni msiba, na watu barabarani huupisha. Hapo mtandao ukakatika na picha ikaganda. Nilibaki nikiukodolea macho utepe ule usiopepea hadi binti yangu alipoingia akaniambia, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kwamba wameshamaliza.

Tangu siku ile sikuweza kutulia. Watu waliniambia nipumzike, na neno hilo lilinipandisha hasira kuliko tusi. Nilihamisha sofa, nikalirudisha. Nilichukua zamu za ziada kwenye nyumba ya wazee Castle Vale, gari nililiacha nyumbani, na zamu ikiisha nilishuka basi mapema ili nipate kutembea. Nikiwa kanisani nawaza jikoni, nikiwa jikoni nawaza kituo cha basi. Nikikaa, goti la kushoto lilitikisika lenyewe chini ya meza. Waliokuja kunipa pole sikuwafukuza, ila chai yao ilipofika katikati ya kikombe nilikuwa nimeshaanza kuosha sufuria.

Kitu kimoja tu nilikitaka. Njia ya safari aliyoipanga tuliijua sote, maana aliihubiri mwaka mzima: tutoke Tyseley, tuelekee kusini kwenye vilima vya Cotswolds, tupite mashamba wanakofuga farasi wa mashindano, tumalizie kwenye kiwanda cha wiski. Farasi niliwaelewa. Ujanani alikuwa akipanda ukuta kutazama mbio za Ngong bila tiketi. Wiski ndiyo iliyonishinda, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kuonja hata divai ya kupikia. Nilipomuuliza alinijibu kwamba kiwanda kina uwanja mpana wa kuegesha magari. Basi nilitaka pijo ifike pale alipotaka ifike, na niifikishe mimi, kwa mguu uleule ulioninyima kumzika. Nilihisi kwamba nisipofanya hivyo nitahamisha sofa mpaka nife.

Gari langu la kila siku halina klachi. Kwa hiyo Jumapili, ibada ikiisha, nilichukua pijo kwenda kufanya mazoezi kwenye barabara za viwandani Tyseley, karibu na mtambo wa taka, mahali ambapo siku hiyo hakuna lori wala mtu wa kunicheka. Nilikanyaga na kuachia, nikakanyaga na kuachia, harufu ya taka ikiingia kwa madirisha ambayo hayafungiki vizuri. Gari lilinizimikia nikalitukana. Nikaomba msamaha, kwa Mungu na kwa gari, nikaliwasha tena.

Wiki moja kabla ya safari, mwenyekiti wetu wa sasa alikuja nyumbani. Yeye na mume wangu walisoma pamoja, na hajawahi kuniita jina langu tangu niolewe. Alikula chapati zake kwa utaratibu, akapangusa mikono, nikajua kuna jambo.

"Shemeji," akasema, "sisi kama committee tulikaa chini tukaona, kwa sababu ya ule mguu wako, pijo wacha mimi niendeshe. Wewe utakaa tu hapo kando, u-relax."

"Committee ilikaa wapi?" nikamuuliza.

"Ilikuwa kwa simu."

"Na mimi mlinipigia saa ngapi?"

Akatazama sahani. Nikamwambia kwamba pijo nitaiendesha mimi au haitatoka Saltley, na kama anaogopa mguu wangu aje aupime. Alijaribu njia nyingine: basi nikae katikati ya msafara, ili waweze kunichunga mbele na nyuma. Nikamuuliza gari la polepole kuliko yote ni lipi. Ile sheria haikuwa yangu, ilikuwa ya rafiki yake, naye alikuwa ameitetea mbele ya wengine mara nyingi. Nilimfungia chapati zilizobaki, akaondoka nazo.

Asubuhi ya safari nilifika Tyseley kabla ya kila mtu na tayari nilikuwa nimekasirika kwamba wamechelewa. Walianza kuingia mmojammoja, magari yamepigwa polishi, wenyewe wamevaa suti nyeusi na mashati meupe. Hilo lilikuwa wazo la mwenyekiti. Alisema hataki Waingereza wa mashambani watudhanie wezi wa farasi. Nyuma ya pijo tukapakia meza ndefu ya kukunja ya kanisa, juu yake masufuria ya pilau na kachumbari, kisha tukafunika yote kwa kitambaa cheupe ili vumbi lisiingie. Kukawa na chai ya thermos ndani ya ofisi ya gereji. Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Abiria wangu alikuwa jirani yangu wa Bukavu kule Kongo, mama wa makamo anayeimba sauti ya tatu kwenye kwaya na ambaye, mume wangu alipofariki, aliniletea fufu, ule ugali wao wa muhogo, kila siku bila kuniambia nipumzike hata mara moja. Kwa hilo peke yake nilimpenda. Sisi tukiwa ndani na chai, yeye alikuwa nje. Alikuwa amenunua tepe ili magari yetu yatambuane kwenye mizunguko ya barabara, tusije tukafuata watu wengine. Tulipotoka, kila gari lilikuwa limefungwa utepe kwenye vioo vya pembeni na mmoja mrefu kwenye boneti. Alizifunga vizuri, kwa mafundo ya maua. Zote zilikuwa nyekundu.

Wakenya wote tukanyamaza. Mtanzania naye akanyamaza kwa sababu tumenyamaza.

"Ni nini?" jirani yangu akauliza. "Haiko bien?"

Mwenyekiti akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia. "Mama, hizo ribbon ni za matanga. Kwetu hiyo ni gari ya kubeba maiti."

Yule mama aliweka mkono mdomoni. "Mungu wangu. Miye sikujua. Kwetu rouge ni ya furaha, tunafunga hivi kwa mariage." Kisha akanigeukia. "Mama, unisamehe. Ngoja nitoshe yote."

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kufungua fundo kwenye kioo cha pijo. Wote walikuwa wakinitazama mimi, nyuso zile za pole nilizokuwa nikizikimbia tangu majani yadondoke. Kusema kweli nilipouona ule utepe niliiona tena ile picha iliyoganda kwenye simu. Lakini zile nyuso sikuziweza.

"Ziacheni," nikasema. "Tumeshachelewa. Ingieni kwenye magari."

Hata hivyo ilibidi kwanza tuombe, na maombi alipewa mama wa Bukavu, naye kwa sababu ya aibu aliomba kwa urefu. Aliombea barabara, breki, matairi, polisi. Mguu wangu ulikuwa ukipiga lami chini ya gauni. Alipofika amina nilikuwa nimeshika mlango.

Nisidanganye kwamba nilifurahia kutoka mjini. Kila kitu kiliniudhi. Jua lilikuwa usoni. Klachi ilikuwa nzito na kila taa ya barabarani niliikuta nyekundu. Jirani yangu alikula karanga na kunisimulia harusi ya dada yake, na kila nilipoona mzunguko wa barabara niliwaza kuuzunguka wote na kurudi nyumbani. Nikitazama kioo nawaona wenzangu wameunga nyuma, taa zinawaka mchana, gari baada ya gari, na siwezi kugeuka bila kuwageuza wote. Sasa nilielewa kwa nini alipenda kutangulia, na pia nilielewa kwamba aliyetangulia hana mahali pa kujificha. Nilimkasirikia. Nilimwambia kimoyomoyo kwamba kama alikuwa anataka wiski angesema mapema tukanunua dukani Alum Rock tukamaliza. Halafu nikakumbuka kwamba hata hiyo asingeinywa.

Barabara zikaanza kuwa nyembamba. Ukuta wa mawe huku, ua wa miti huku, na nyuma ya ukuta mashamba ya farasi. Farasi wengine walikuwa wamevaa makoti, na mmoja koti lake lilikuwa zuri kuliko langu. Mabanda yao yana madirisha ya rangi, milango yao imetiwa vishikio vya shaba. Jirani yangu alitazama kwa muda, akaacha karanga.

"Hawa nyama banalala muzuri kuliko siye Saltley," akasema, maana kwao mnyama huitwa nyama.

Nilicheka, nikashangaa kusikia nacheka. Kisha ikanibidi nikanyage breki, kwa sababu mbele yetu farasi walikuwa wakirudi kutoka mazoezini na watu migongoni, wamejipanga kwa mstari, na mzee mmoja alikuwa amesimama langoni na toroli la samadi akiwangoja. Nikapunguza mwendo hadi gia ya kwanza. Nyuma yangu wote wakapunguza.

Mwanamke aliyempanda farasi wa mbele alituona, akainua mkono, na mstari mzima ukasogea kwenye majani ukasimama. Nilidhani wanatupisha tu, nikainua mkono kushukuru. Hakuna aliyeniinulia wake. Waliinamisha vichwa. Mzee wa toroli aliitua mizigo yake, akavua kofia, akaishika kifuani.

"Watu wa shamba wana heshima," nikasema.

Tukaingia kijijini. Fundi aliyekuwa juu ya ngazi akipaka baa rangi alishuka, akasimama na brashi yake. Bibi mwenye mbwa alimvuta mbwa karibu, akatulia. Lori lililokuwa likija lilirudi nyuma hadi kwenye uwazi, na dereva akazima injini. Mwendesha baiskeli akashuka. Kijiji kizima kikawa kimya, nikasikia injini ya pijo peke yake.

"Mama," jirani yangu akasema polepole, "juu ya nini hawa batu banasimama?"

Nikatazama kwenye kioo. Niliona suti nyeusi ndani ya kila gari. Niliona taa. Niliona meza ya kanisa nyuma yetu, ndefu, imefunikwa kitambaa cheupe, ndani ya gari refu jeusi linalokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Na pembeni ya dirisha langu, kwenye kioo, utepe mwekundu ulikuwa unapepea.

Simu ya jirani yangu ikalia. Alikuwa mwenyekiti, na jirani yangu akaiweka kwenye spika. "Shemeji, umeona? Hawa wanafikiria tuko na mwili. Zima taa, kanyaga mafuta tutoke hapa. Hii ni aibu, shemeji, tunadanganya watu."

Jirani yangu alinishikia simu karibu na mdomo. Mbele yangu barabara ilikuwa wazi. Ningeweza kukanyaga tukapotea nyuma ya kona, na hadithi ikaishia hapo, ya kuchekesha tu.

"Sheria ya msafara ni ileile," nikasema. "Hakuna kupitana, na taa zinawaka."

Simu ilibaki wazi, nikamsikia mwenyekiti akivuta pumzi.

Nililia. Nililia kijiji kizima, kwa sauti, na sikufuta machozi kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Watu nisiowajua, wasiomjua, waliosimama kwa ajili yake barabarani wakiwa wamevua kofia, niliwatazama mmoja mmoja usoni, kwa sababu wale wa Nyahururu sikuwaona. Jirani yangu alianza kuimba, ule wimbo wanaoimba Wakongo wakisindikiza, kwa ile sauti yake ya tatu bila ya kwanza. Nilipolitazama goti langu lilikuwa limetulia juu ya klachi. Kwa mara ya kwanza tangu kifo chake sikutaka kuwa mahali pengine.

Kiwanda kilikuwa baada ya kijiji, na uwanja wake wa magari kweli ni mpana. Niliiegesha pijo katikati, nikazima. Mwanamke wa kiwanda aliyekuwa akitungoja na funguo zake mkononi aliona tepe, akaona suti, akanitazama uso. Akasema kwa Kiingereza cha upole kwamba anasikitika sana, na kwamba kama tungependa kuahirisha ziara hakuna tatizo lolote.

Mwenyekiti alikuwa ameshuka mbio. "No, no, madam," akaanza, "hii ni mistake kidogo..."

"Alikuwa mume wangu," nikamwambia yule mwanamke. "Yeye ndiye aliyechagua tuje hapa."

Mwenyekiti akavua kofia yake, akasimama kama yule mzee wa toroli.

"Kwa nini hapa?" mwanamke akauliza.

"Alisema mna uwanja mpana."

Aligeuka akautazama uwanja wake wote, toka lango hadi ukuta, kana kwamba hajawahi kuuona. Akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli," akasema. "Ni mpana."

Ziara tuliifanya. Alituonyesha mapipa yaliyotoka Amerika, ambayo huko yalikuwa na wiski yao ya mahindi inayoitwa bourbon kabla ya kuletwa hapa kutiwa ya kwao, na mama wa Bukavu akaniuliza sikioni kama kunusa ni dhambi. Hakuna aliyekunywa. Tulikuwa madereva, halafu tulikuwa watu wa kanisa, halafu tuliogopana. Baadaye tulitoa ile meza, tukaitandika kitambaa chake cheupe hapo uwanjani, tukala pilau, na yule mwanamke akaletewa sahani. Nilikula nimekaa. Nilimaliza na kuongeza.

Tulipokuwa tukikusanya vyombo nilikwenda kwenye kioo cha pijo, nikafungua utepe. Fundo la mama wa Bukavu lilikuwa gumu, nilitumia meno.

"Zitoeni na nyinyi sasa," nikawaambia. "Tumemaliza."

Walizitoa. Nilimwita mwenyekiti, nikampa funguo za pijo. Alizitazama kiganjani, akanitazama mguu.

"Unauma?"

"Hauumi. Endesha wewe."

Aliingia, akasogeza kiti nyuma, akaigusa gia kwa vidole kama mtu anayesalimiana na mgonjwa. Nilikaa kando yake na kufunga mkanda. Nyuma yetu wengine walikuwa wanawasha taa na kujipanga.

"Shemeji," akasema, "niende polepole, ama?"

"Nenda unavyotaka," nikamwambia. "Kurudi hatumbebi mtu."

Kabla hatujafika barabara kuu nilikuwa nimelala.